Waya mmoja, vifaa vingi: kompyuta inavyozungumza na vidude vya pampu, sola na vituo vya mvua

Ukifungua boksi la kuendeshea pampu ya maji ya sola, au ubavu wa inveta, au kituo cha kupimia mvua, utakuta ndani bodi ndogo ya kijani iliyojaa vidude vyeusi vyenye miguu. Kimoja kati ya vidude hivyo ndicho kinachofikiri. Mafundi wanakiita maikrokontrola. Ni kompyuta ndogo sana isiyo na kioo wala kibodi, iliyopewa kazi moja na kuifanya usiku na mchana: kusoma kina cha maji, kuhesabu matone ya mvua, kuzima pampu tanki linapojaa.

Kazi hiyo inaweza kuifanya peke yake. Lakini kamati ya maji ikitaka kujua pampu imefanya kazi saa ngapi wiki hii, au mkulima akitaka kuona unyevu wa udongo wa mwezi mzima, lazima kidude hicho kiunganishwe na kompyuta kubwa. Na vidude vikiwa vitatu au kumi, havivutiwi waya kumi. Vinaunganishwa kwenye waya mmoja wa pamoja.

Makala haya yanaeleza muunganiko huo. Tumeyaandika kwa sababu moja: vifaa vya aina hii vinazidi kuingia Karagwe na Kyerwa, na mawasiliano yakikatika jibu la haraka huwa ni "bodi imekufa, nunua nyingine". Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi zaidi hakuna kilichokufa. Ni waya mbili zimebadilishana, au namba mbili zimefanana, au kebo si yenyewe. Ukijua mambo machache, utajua cha kumuuliza fundi kabla ya kutoa hela.

Biti moja moja kwenye mstari

Kompyuta yoyote huhifadhi kila kitu kwa sifuri na moja. Herufi A, kwa mfano, ni namba 65, na ndani ya mashine inaandikwa 01000001. Hizo ni biti nane, na biti nane hufanya baiti moja. Ungeweza kuzituma zote kwa pamoja kwa waya nane. Kwa umbali wa sentimita chache hilo halina tatizo. Kutoka bondeni mpaka kilimani, waya nane za shaba ni fedha nyingi, na kila waya ni mahali pengine pa kukatika.

Njia nyingine ni kuzipanga foleni, kama magunia ya kahawa yanavyopita mlango mmoja wa ghala. Biti ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka zote zimepita. Hiyo ndiyo maana ya mawasiliano ya siriali: moja baada ya nyingine.

Sharti lake ni kwamba mtumaji na mpokeaji wakubaliane kasi mapema. Kasi inayotumika sana kwenye vifaa vidogo ni biti 9600 kwa sekunde. Kila baiti hutanguliwa na biti moja ya kuanzia na kufuatwa na biti moja ya kumalizia, kwa hiyo baiti moja hugharimu biti kumi, na kwa sekunde hupita herufi 960. Ujumbe wa simu wa herufi 160 ungepita kwa sehemu ya sita ya sekunde. Kwa mtu anayezoea intaneti ni kasi ndogo. Kwa kina cha maji tankini inatosha na kubaki.

Upande mmoja ukisoma kwa 9600 na mwingine ukituma kwa 4800, kwenye kioo utaona alama za ajabu zisizosomeka. Watu wengi huogopa wakiziona. Zinapaswa kukupa moyo: waya ni mzima, umeme upo, kifaa kinazungumza. Badilisha kasi tu kwenye programu.

Kidude kimoja na kompyuta moja

Muunganiko rahisi kabisa ni wa wawili. Kwenye bodi utaona alama TX, mahali pa kutumia, na RX, mahali pa kupokelea. Waya hupishana: TX ya huyu huingia RX ya yule. Mdomo wa mmoja unaelekea sikio la mwingine. Ukiunganisha TX kwa TX, wote wanasema na hakuna anayesikia. Waya wa tatu ni wa hasi, unaoandikwa GND, na bila huo pande mbili hazina kipimo kimoja cha volti.

Kompyuta za zamani zilikuwa na tundu la siriali lenye miguu tisa, la kiwango kinachoitwa RS-232. Kompyuta za sasa hazina. Zina USB, iliyoingia sokoni mwaka 1996. Kwa hiyo bodi nyingi za kujifunzia, kama Arduino iliyoanzia mji wa Ivrea, Italia, mwaka 2005, zina kidude cha ziada kinachotafsiri kati ya siriali na USB. Kidude hicho huhitaji programu ndogo kwenye kompyuta, draiva, na bila hiyo kompyuta haioni kitu. Ikishaona, kwenye Windows kifaa hupewa jina kama COM3, na kwenye Linux jina kama ttyUSB0.

Hapa kuna mtego unaowapotezea vijana siku nzima. Kebo nyingi za bei ndogo zinazouzwa pamoja na chaja za simu zina waya mbili tu ndani, za umeme. Za kupitishia taarifa hazimo. Ukiunganisha bodi kwa kebo hiyo taa itawaka, utaona kila kitu kiko sawa, lakini kompyuta haitaona chochote. Kabla ya kusema bodi ni mbovu, chukua kebo ambayo umewahi kuhamishia picha kutoka simu kwenda kompyuta. Kama iliweza picha, itaweza bodi.

Na kama kompyuta huna, simu yenyewe inaweza kufanya kazi hiyo. Simu nyingi za Android hukubali kifaa cha USB kupitia kiunganishi kidogo kinachoitwa OTG, na zipo programu za bure za kusoma siriali. Si kila simu inakubali, kwa hiyo jaribu kwanza na flashi. Simu ikiisoma flashi, una matumaini.

Jambo la kuangalia kwa makini ni volti. Arduino Uno ya kawaida huzungumza kwa volti 5. ESP32, na Raspberry Pi kwenye pini zake, huzungumza kwa volti 3.3. RS-232 ya zamani inaweza kufika volti 12 na zaidi, chanya na hasi. Ukiingiza volti 5 kwenye pini ya Raspberry Pi unaweza kuiua palepale. Huu ni mmoja wa makosa machache ya waya ambayo kweli yanaunguza, kwa hiyo mwulize fundi wako swali hilo kwa maneno hayohayo: upande huu ni volti ngapi, na ule ni ngapi?

Waya wa pamoja

Sasa tuje kwenye vifaa vingi. Wataalamu wanauita waya wa pamoja "basi", na kwa bahati nzuri neno hilo tunalo: gari moja, abiria wengi, kila mmoja na kituo chake. Lakini mimi naona mfano ulio karibu zaidi ni mkutano wa kitongoji. Wote wamekaa mahali pamoja na kila mtu anasikia kila neno. Wakisema kwa pamoja, hakuna kinachoeleweka. Kwa hiyo mwenyekiti anaita jina, aliyeitwa anajibu, wengine wananyamaza.

Kwenye basi ya siriali mwenyekiti ni kompyuta, au kidude kimoja kilichopewa kazi hiyo. Vingine vyote havisemi mpaka viitwe. Na majina yao ni namba.

Kiwango kinachotumika sana kwa umbali mrefu ni RS-485, kilichotangazwa mwaka 1983. Kinaruhusu vifaa 32 vya kawaida kwenye jozi moja ya waya, na kwa kasi ndogo kinaweza kufika mita 1200. Siri ya umbali huo ni kwamba hakipimi volti ya waya mmoja. Kina waya mbili, A na B, na kinachopimwa ni tofauti kati yake. Waya hizo husokotwa pamoja kama kamba. Kelele ya umeme kutoka kwa mota au kwa laini ya TANESCO ikija, inazipiga zote mbili sawasawa. Ni kama watu wawili wanaotembea kwenye mvua moja: wote wanalowa, lakini urefu wa mmoja kuzidi mwenzake haubadiliki.

Kwa hiyo usokotaji si urembo. Kebo ya kawaida ya mtandao ina jozi nne zilizosokotwa, na fundi anaweza kuitumia. Lakini A na B lazima ziwe za jozi moja, kwa mfano bluu na nyeupe yenye mstari wa bluu. Akichukua bluu kwa A na kahawia kwa B, amevunja kinga yote, na mfumo utafanya kazi mpaka pampu inapowashwa, kisha unachanganyikiwa. Hitilafu ya aina hiyo, inayokuja na kuondoka, ndiyo inayochosha kuliko zote.

RS-485 ni barabara tu. Haisemi lugha gani izungumzwe. Lugha inayokutwa zaidi ni Modbus, iliyotolewa mwaka 1979 na kampuni ya Modicon ya Marekani kwa ajili ya mitambo ya viwandani. Ina umri kuliko wengi wetu hapa studio, na bado pampu na inveta zinazouzwa leo zinaitumia, kwa sababu ni rahisi na haina malipo.

Tuchukue mfano wa mradi wa maji wa milima ya kwetu, kama ya kata ya Rugu: pampu bondeni, tanki mlimani, ofisi ya chombo cha watumia maji katikati. Kihisi cha kina cha maji tankini ni namba 1. Kiendesha pampu ni namba 2. Mita ya maji ni namba 3. (Kihisi, mafundi wengine husema sensa, lakini si ile ya watu na makazi.) Kompyuta ya ofisini inataka kujua tanki lina maji kiasi gani. Inatuma baiti nane, ambazo kwa mwandiko wa kifundi ni hizi:

01 03 00 00 00 01 84 0A

Ya kwanza, 01, ni namba ya anayeitwa. 03 ni amri: soma. 00 00 ni mahali pa kusoma ndani ya kifaa, kama namba ya ukurasa wa daftari. 00 01 ni kwamba nataka namba moja tu. Mbili za mwisho, 84 0A, ni za uhakiki. Ujumbe wote huo, kwa kasi ya 9600, hupita kwa chini ya sehemu ya mia ya sekunde. Vifaa vyote vitatu vinausikia. Namba 2 na namba 3 wanaona si wao, wananyamaza. Namba 1 anajibu, tuseme sentimita 140.

Hizo baiti za uhakiki zinastahili maneno mawili. Unapopakia ndizi kwenye lori unamwambia dereva, "Mikungu ni 42," na mpokeaji Mwanza anahesabu. Ikiwa 41, anajua kuna jambo njiani. Modbus hufanya hesabu ngumu kidogo kuliko hiyo juu ya ujumbe wote na kuambatisha jibu lake. Biti moja ikigeuka njiani kwa sababu ya kelele, hesabu inakataa, na kifaa hakijibu kitu. Kompyuta inangoja kidogo, kisha inauliza tena. Ni afadhali kimya kuliko pampu kuwashwa kwa namba iliyoharibika huku kisima kikiwa kikavu.

Namba za Modbus ni kuanzia 1 mpaka 247. Na hapa ndipo tatizo linalowakuta wengi wanaonunua vihisi vya udongo au vya maji kwa mtandao linapoanza. Kiwandani vifaa vingi huwekwa namba 1. Ukinunua vitatu na kuviunganisha vyote siku hiyohiyo, kompyuta ikiita namba 1 vinajibu vyote kwa pamoja, na inachopata ni makelele. Kila kimoja ukikijaribu peke yake ni kizima. Ukiviweka pamoja, vyote vinaonekana vibovu. Dawa ni kuunganisha kimoja, kubadilisha namba yake iwe 2 kwa programu au kwa swichi ndogo zilizo kwenye bodi, kukitoa, kisha kuunganisha kinachofuata.

Kuna tatizo la jamaa yake. Kwenye RS-485 ya waya mbili, anayesema lazima aachie waya akimaliza. Sisi wa studio tunalielewa hilo vizuri: mgeni akisahau kipaza sauti wazi, kipindi chote kinaharibika. Moduli ndogo za bei nafuu, zile zenye kidude kinachoitwa MAX485, zina pini za kuamua lini kusema na lini kusikiliza, DE na RE. Kijana aliyeandika programu akisahau kuzirudisha kwenye kusikiliza, kifaa chake kinakaa kimeshika maikrofoni na basi nzima inakufa. Kukijua kifaa hicho ni kazi rahisi. Chomoa kimoja kimoja. Kile ambacho ukikichomoa wengine wanafufuka, ndicho.

Mvua haina haraka

Mifano ya kweli ya mambo haya si lazima tuitafute Ulaya. Katika miaka ya 2010 Chuo Kikuu cha Makerere cha Uganda, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), Chuo Kikuu cha Juba na Chuo Kikuu cha Bergen walifanya mradi uliofadhiliwa na Norway, ulioitwa WIMEA-ICT. Lengo mojawapo lilikuwa kubuni vituo vya hali ya hewa vya bei nafuu, vinavyojiendesha vyenyewe, vya kutumika Uganda, Tanzania na Sudan Kusini.

Kituo chao kiligawanywa vipande. Kimoja kilikaa juu ya mlingoti, mita 10 kutoka ardhini, mahali upepo unapopimwa kwa kawaida ya kimataifa. Kingine kilikuwa kwenye mita 2 kwa ajili ya joto na unyevu wa hewa. Kingine kilikuwa chini, kwa mvua na udongo. Kila kipande kilikuwa na maikrokontrola yake na betri yake, na vilitumiana taarifa kwa mawimbi ya redio ya masafa mafupi. Kipande cha kupokea kilizikusanya na kuzikabidhi kwa lango la kuzipeleka kwenye intaneti, ambalo katika muundo wa mwanzo lilikuwa Raspberry Pi, kompyuta ya Uingereza ya ukubwa wa pakiti ya sigara iliyotoka mwaka 2012. Makabidhiano hayo ya mwisho, kidude kwa kompyuta, yalikuwa ni siriali ileile tuliyoieleza juu.

Upande mwingine kuna TAHMO, shirika lenye makao Nairobi, lililoanzishwa kwa wazo la maprofesa wawili, Nick van de Giesen wa Delft, Uholanzi, na John Selker wa Oregon, Marekani. Ndoto yao ni vituo 20,000 Afrika kusini mwa Sahara, na vingi wameviweka kwenye viwanja vya shule, ambako kuna uzio na walimu wa kuviangalia. Kituo wanachokitumia hakina kitu kinachozunguka. Hata mvua inapimwa kwa kuhesabu tone moja moja linapoanguka kati ya ncha mbili za dhahabu. Kwangu mimi hilo ni wazo zuri kwa mazingira yetu, maana kinachozunguka ndicho kinachoingia vumbi na buibui.

Kichwa cha kituo hicho kinazungumza na boksi lake la kuhifadhi taarifa kwa lugha nyingine ya siriali, SDI-12, iliyozaliwa mwaka 1988 kwa ajili ya vipimo vya maji na hali ya hewa. Ina waya tatu: volti 12, hasi, na waya mmoja wa mazungumzo. Kasi yake ni biti 1200 tu kwa sekunde, na hukubali vihisi kumi kwa kebo za mita 60. Ujumbe wake unasomeka kwa macho. Ukituma alama ya kuuliza na alama ya mshangao, ?! basi, kifaa kinajibu namba yake. Ukituma 0M! unamwambia namba 0 apime. Mtu anayeona 1200 ni mwendo wa kinyonga akumbuke kwamba taarifa yenyewe ni mistari michache kila baada ya dakika kadhaa. Kwa kazi hiyo mwendo wa polepole ni faida, kwa sababu kati ya mazungumzo kihisi hulala na betri hudumu.

Kwa mkulima wa maharage au kahawa, faida yake haimo kwenye waya. Imo kwenye namba zinazofika. Kagera ina misimu miwili ya mvua, vuli na masika, na mvua inaweza kunyesha Nyaishozi na kuacha jirani kukavu. Kituo kilicho mbali hakiwezi kuona tofauti hiyo. Kahawa iliyoanikwa, ili ihifadhike vizuri, inatakiwa unyevu wake usizidi asilimia 12.5, na anayejua mvua ya jioni inakuja anafunika mapema.

Plagi moja, lugha tofauti

Betri za sola za lithiamu zimeleta basi ya siriali majumbani kimyakimya. Betri hizo zina bodi ya kujilinda ndani yake, na bodi hiyo huongea na inveta: nina chaji kiasi gani, nipunguzie, nisimamishe. Mara nyingi huongea kwa RS-485, au kwa CAN, lugha ambayo kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitangaza mwaka 1986 kwa ajili ya magari.

Tatizo ni kwamba zote mbili hutumia plagi ileile inayofanana na ya kebo ya mtandao. Mtu anachukua kebo aliyokuwa nayo, anachomeka, inaingia vizuri, inveta inasema haioni betri. Umbo la plagi halikuambii chochote. Kila mtengenezaji amepanga waya nane kwa utaratibu wake, na kebo inayofaa huja kwenye boksi la betri au hutengenezwa kwa kufuata kitabu cha vifaa vyote viwili. Ukinunua betri kutoka kwa kampuni moja na inveta kutoka kwa nyingine, uliza dukani kabla ya kulipa kama zinaelewana, na kwa lugha ipi. Betri mbili au zaidi zikiunganishwa, kila moja huwekewa namba yake kwa swichi ndogo. Yanayosemwa hapo juu kuhusu namba zinazofanana yanahusu na hapa.

Kabla hujasema imekufa

Ukiwa na RS-485 isiyojibu, anza na A na B. Watengenezaji hawajakubaliana ipi ni ipi, na A ya huyu inaweza kuwa B ya yule. Kuzibadilisha hakuunguzi kitu. Zima umeme, geuza, washa, jaribu.

Kisha angalia ncha za mstari. Sauti ukipiga kelele kwenye bonde hugonga mlima na kurudi. Ishara ya umeme nayo hufika mwisho wa kebo na kurudi, na mwangwi huo unavuruga ujumbe unaofuata. Ndiyo maana kwenye kebo ndefu huwekwa rizista ya omu 120 kila ncha, mbili tu, si kwenye kila kifaa. Unaweza kuhakikisha bila kupanda mlima: zima kila kitu, chukua mita ya fundi, pima omu kati ya A na B. Ikisoma karibu 60, zote mbili zipo. Ikisoma karibu 120, ipo moja tu. Ikisoma 30 au 40, mtu ameongeza za ziada. Ikiwa karibu sifuri, waya zimegusana mahali fulani, na jembe ndilo mshukiwa wa kwanza. Kwa kebo fupi ya mita chache na kasi ya 9600, mfumo unaweza kufanya kazi hata bila rizista, kwa hiyo usimlaumu fundi kwa kuziacha kwenye chumba kimoja.

Mpangilio wa waya una maana pia. Kebo iende kutoka kifaa cha kwanza mpaka cha pili mpaka cha tatu, kama barabara inayopita vijiji. Ukiifanya kama mizizi, matawi kila upande kutoka mahali pamoja, mwangwi unazidi. Na pamoja na A na B, pitisha waya wa hasi. Wengi huuacha kwa sababu jina ni "waya mbili", lakini RS-485 huvumilia tofauti ya hasi kati ya pande mbili kwa kiasi tu, kutoka volti 7 chini ya sifuri hadi 12 juu yake. Ikizidi hapo, kidude huungua kweli.

Hapo ndipo radi inapoingia. Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani, na sisi tuko pembeni yake. Radi haihitaji kupiga kebo yako. Ikipiga mti ulio karibu, kebo ndefu inapokea msukumo wa umeme na kuupeleka ncha zote mbili. Mradi wenye kebo ya mita mia kadhaa kati ya tanki na ofisi uwe na vizuia msukumo kila ncha, ethi iliyochimbiwa vizuri, na moduli za RS-485 zenye utengano, ambazo hazina muunganiko wa moja kwa moja wa umeme kati ya kebo na bodi. Bei yake ni kubwa kuliko ya moduli ya kawaida. Fundi akikupa makadirio mawili, la bei ndogo na la bei kubwa, tofauti mara nyingi iko hapo, na kwa kebo ya nje mimi ningechukua la bei kubwa. Wengine huepuka kebo kabisa na kutuma taarifa kwa redio ndogo au kwa laini ya simu, na kwa mabonde yetu wakati mwingine hiyo ndiyo nafuu, hasa ukihesabu mitaro na mchwa.

Fundi akimaliza kazi, mwombe aandike kwenye karatasi na kuibandika ndani ya kifuniko cha boksi: namba ya kila kifaa, kasi, lugha, rangi ya waya wa A na ya waya wa B. Chombo cha watumia maji kibaki na nakala ofisini, kwa sababu fundi anaweza kuhamia Bukoba au Kampala, na anayekuja baada yake bila karatasi hiyo atalazimika kujaribu kasi moja baada ya nyingine na namba zote 247 huku tanki likiwa tupu.